Mzee hajakalia kiti cha kijana

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekwa chini ya mzee mmoja katika chumba cha mashine za kuchapa. Mashine aliijua kwa mlio. Karatasi ikitaka kukwama, yeye alishanyoosha mkono kuizima kabla sisi hatujasikia chochote. Vipimo vyake vyote aliviandika kwenye daftari dogo la jalada jeusi, na kila nilipomkaribia alilifunga, akaliwekea kiganja juu. "Mwanangu, nenda kahesabu karatasi kwanza." Nilihesabu karatasi miezi minne.

Nilimchukia. Niliona ni roho mbaya tu ya mtu asiyetaka kuondoka. Baadaye mwenzetu mmoja akaninong'oneza kwamba meneja alishamwambia mzee: mfundishe huyu, akishaiva wewe ukapumzike. Nami nilikuwa nikilipwa chini ya nusu ya mshahara wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale ilikuwa mgeni njoo mwenyeji aondoke. Ningekuwa yeye, daftari lile hata kazini nisingekuja nalo.

Namkumbuka kila ninaposikia kwamba vijana hawana kazi kwa sababu wazee wameng'ang'ania. Kauli hiyo inaingia akilini upesi: viti ni kumi, waliokaa ni kumi, basi mmoja ainuke. Lakini ajira si viti. Mwenye mshahara ananunua, anajenga, anasomesha, na fedha yake inamlipa mtu mwingine mahali pengine. Ukimwondoa kabla ya wakati umepunguza mnunuzi, na pensheni yake lazima itoke mfukoni mwa mtu, mara nyingi kwa makato ya vijana wale wale uliotaka kuwasaidia.

Na jambo hili limeshajaribiwa. Kuanzia 1977 hadi 1988 Uingereza ilikuwa ikimlipa posho mfanyakazi aliyekaribia kustaafu ili aondoke mapema, kwa sharti kwamba mwajiri achukue mtu asiye na kazi. Katikati ya mpango huo, wasio na kazi nchini humo walipita milioni 3. Ufaransa nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilishusha umri wa kustaafu kutoka 65 hadi 60, na vijana wake wakaendelea kusota miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 2010 wachumi Jonathan Gruber na David Wise, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya kulinganisha nchi 12. Hawakuona ushahidi kwamba kuwaondoa wazee huwafungulia vijana mlango.

Upande wa pili nao upo, na sitauficha. Italia ilipopandisha umri wa kustaafu ghafla mwishoni mwa 2011, uchumi ukiwa taabani, wachumi waliofuatilia waliona kwamba kampuni zilizobaki na watu waliokuwa mbioni kuondoka zilipunguza kuajiri vijana. Kijana aliyekosa kazi kwa sababu hiyo hakuwa akilalamika bure. Ndani ya kampuni moja, kwa mwaka mmoja, fungu la mishahara ni lile lile, na kubaki kwa huyu kunaweza kumzuia yule. Ninachokataa ni kuchukua hesabu ya kampuni moja na kuifanya sera ya nchi.

Hasira yangu naielekeza kwa wanaoandika matangazo ya kazi. "Uzoefu wa miaka mitano, umri usiozidi thelathini." Lisome tena tangazo hilo. Aliyemaliza chuo mwaka huu hana uzoefu, ametupwa nje. Aliyefanya kazi miaka ishirini na kupunguzwa mwaka jana amepitisha umri, naye ametupwa nje. Halafu wawili hawa wanakutana mtandaoni na kutukanana! Marekani walipiga marufuku ubaguzi wa umri kazini tangu 1967, ila sheria hiyo inamlinda aliyefikisha miaka 40 kwenda juu. Kijana anayeambiwa "wewe bado mdogo" haimfikii.

Hata mafunzo kazini yamegeuzwa mtego. Ujuzi wa mikono hauhami kwa semina ya siku mbili. Unahama watu wakikaa pamoja muda mrefu, mmoja akikosea na mwingine akimsahihisha bila hofu. Mzee wangu aliondoka na daftari lake. Wiki ile ile mashine ilisimama siku tatu, kazi za wateja zikalala, na mimi, mrithi wake, nikabaki nimekodoa macho kwenye roli zisizozunguka. Nusu ya mshahara waliyookoa kwangu sijui iliishia wapi siku hizo.

Sasa zamu imefika kwangu. Nimepewa kijana wa kumfundisha, na neno "kupumzika" nimeshalisikia mara mbili ofisini. Nimeandika barua kuomba mambo mawili: nihakikishiwe kwa maandishi kwamba kufundisha hakutafupisha mkataba wangu, na kijana alipwe mshahara wa cheo anachofundishwa, si wa kibarua. Bado sijajibiwa. Anaanza Jumatatu. Daftari langu nitaliacha wazi mezani.