Kompyuta Haina Mjomba

Mimi shida yangu na droo ya shule, ile kura ya kompyuta inayopanga mtoto asome wapi, si kwamba ina hila. Shida ni kwamba haina. Ingekuwa na hila ningejua pa kuanzia: ningemtafuta mtu anayemjua mtu, ningevaa shati la kola, ningekaa kwenye benchi la ofisi fulani mpaka wanionee huruma. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, ila hawakutuachia neno kuhusu kitu kisicho na ulimi. Kompyuta haina mjomba, haina shemeji, haikusoma na mtu. Unaijazia fomu, inakwambia asante, inanyamaza.

Mtoto mwenyewe tunayemkosea usingizi anatafuna kalamu na kuuliza kama shule mpya ina bembea.

Halafu hiyo fomu. Maelekezo yanasema upange shule kwa kadiri unavyozipenda kweli, usijaribu kubahatisha. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Tangu lini mwenye mamlaka akaniuliza ninachokipenda kweli, na jibu langu lisije kunigeukia? Mke wangu alisoma, akarudia, akavua miwani.

"Baba watoto, huu ni mtego."

Tukakaa kikao cha usiku. Hoja ya kwanza: ile shule nzuri kila mtu anaitaka, tukiiweka namba moja tutaonekana wenye tamaa. Tuiweke ya pili, mfumo usitushtukie. Mama watoto akaona hata ya pili ni kujianika mno, iwe ya tatu, katikati ya shule ambazo hatuzitaki kabisa, kama vile tumeipitia tu njiani. Nikamwambia vipi tukipangiwa hizo tusizozitaka? Kikao kikaahirishwa.

Msituone wehu. Wazazi wa Boston, Marekani, waliishi hivyo miaka na miaka. Mfumo wao wa zamani uliwaadhibu wakweli: ukiitaja shule maarufu kuwa ya kwanza ukaikosa, ukishuka kwenye chaguo lako la pili unakuta imeshajaa wale walioitaja ya kwanza. Basi wazazi wenye nafasi wakaunda kikundi cha kukutana na kufundishana namna ya kujaza fomu kijanja. Asiyekuwa na kikundi akaandika kilichomo moyoni, akaumia. Mwaka 2005 mfumo ule ukatupwa, ukaletwa mwingine uliotokana na makala ya mwaka 1962 ya wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley.

Sasa sikilizeni. Makala ile ilihusu mambo mawili: udahili wa vyuo, na ndoa. Ndiyo, ndoa! Kanuni inayomtafutia mwanangu dawati ni hesabu za posa. Kila kijana anapeleka posa kwa binti anayempenda kuliko wote. Binti haolewi siku hiyo. Anamwambia aliye bora kati ya waliokuja, "Kaa hapo kwanza," wengine anawarudisha. Aliyerudishwa anakwenda nyumba inayofuata kwenye orodha yake, na huko hahesabiwi kuwa kachelewa; akionekana bora, yule aliyekwisha kukaa ndiye anayenyanyuka. Inakwenda hivyo mpaka posa zikome, ndipo zinafungwa zote kwa mpigo. Kwetu kijana ni mtoto, binti ni shule. Kwa hiyo ukianzia kwa unayempenda hupotezi kitu. Mwaka 2012 Shapley alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa mambo haya, pamoja na Alvin Roth, aliyesaidia kuipeleka hesabu hiyo mpaka kwenye shule za New York na Boston.

Nikamweleza mke wangu yote hayo kwa mikono na vikombe mezani. Akasikiliza vizuri. Akauliza, "Sasa huyo binti anajuaje nani bora?"

Hapo ndipo penyewe. Shule haijui. Watoto elfu wanaitaka, wote wana meno ya mbele yaliyong'oka, wote majina yao wanaandika S kinyumenyume. Wenye kaka au dada tayari shuleni mara nyingi hutangulizwa, pengine na wanaokaa karibu na shule, na waliobaki hutenganishwa kwa namba ya bahati. "Bora" maana yake namba. Huko New York mtoto hupewa msururu wa herufi na tarakimu 32, zinazotumia 0 hadi 9 kisha a hadi f. Ikianza na 0 mnapongezana, ikianza na f mnaanza kuzungumzia jinsi elimu inavyoanzia nyumbani.

Mimi sijaonyeshwa namba, na nadhani ni heri. Lakini nawaonea wivu watu wa Seoul. Mwaka 1969 walipofuta mtihani wa kuingia shule za kati, walileta pipa la kuzungusha kwa mkono, na kijipira kinachodondoka ndicho kinachosema unakwenda wapi. Pipa! Kitu unachoweza kukitazama ukasema huyu kazungusha vibaya. Kompyuta hata ukiikazia macho inakuonyesha sura yako mwenyewe, haijanyolewa.

Mama mkwe alikuja kututuliza. Ni mama wa ibada, maneno yake hayaendi bila aya.

"Mwanangu, kura si jambo baya. Hata Mitume walipiga kura, ikamwangukia Mathiya."

"Kweli, mama. Na Yona je?"

Akaniangalia sana. Yona naye kura ilimwangukia, na tunajua alilala wapi.

Anayeniudhi hasa ni jirani. Huyu mkubwa wake alishapata ile shule, basi wadogo wote wanapita kwa mgongo wa kaka yao, na yeye amekuwa mwanafalsafa. "Ndugu yangu, shule haimsomeshi mtoto, mtoto anajisomea." Anayasema hayo mtoto wake wa tatu akiwa kavaa sweta la shule ileile. Kifungua mimba ndiye mbeba mzigo duniani, nawaambieni. Wa kwangu hana kaka, hana dada mkubwa, ana baba tu, na baba kwenye fomu haongezi alama.

Wala siwezi kuandamana, hilo ndilo linaloniuma. Kabla ya kura kulikuwa na umbali: aliye karibu na shule ndiye anayeingia. Matokeo yake wenye fedha wakanunua nyumba karibu na shule nzuri, na bei zikapanda mpaka mwalimu wa shule yenyewe anapanga mbali. Ni moja ya sababu zilizofanya Brighton, Uingereza, ianze kupiga kura mwaka 2008 kwa shule zilizofurika. Mtu kama mimi, chini ya kanuni ya umbali, nisingepata hata matumaini ya kunikosesha usingizi. Kura imenipa nafasi sawa na tajiri, nami ninalalamika kwa nini haikunipa zaidi.

Majibu yakatoka. Simu nilimpa mke wangu, yeye akamrudishia mwenye simu, mwishowe mtoto ndiye aliyebonyeza. Shule nyingine kabisa. Si mbaya, ina paa, ina walimu. Ile tuliyoitaka, tumewekwa kwenye orodha ya kusubiri.

Nikawa na wazo la kubadilishana na mzazi aliyepangiwa kule lakini anataka huku kwetu. Kumbe wameshajaribu. Amsterdam, mwaka 2015, wazazi walipeleka shauri mahakamani wakitaka watoto wao waruhusiwe kubadilishana shule, kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, hakuna anayelia. Hakimu akakataa. Ukiruhusu soko la namna hiyo, wanaodhulumiwa ni wale wenye kura nzuri zaidi ambao nao wangeitaka nafasi hiyo, na mwaka unaofuata watu wataandika kwenye fomu shule wasizozitaka ili wapate cha kubadilishia. Yaani hakimu alikisikia kikao chetu cha usiku.

Basi tuko kwenye orodha. Orodha ya kusubiri husogea kwa njia moja tu, mtu wa mbele atoke, na mimi nimeanza kuwa na tabia. Nikisikia mtu kapandishwa cheo na kuhamishiwa mbali, nafurahi kuliko mkewe. Juzi kazini mwenzetu mmoja alitangaza huenda akahama nchi. Wote wakampa pole kwa shughuli za kufungasha. Mimi nikamuuliza una mtoto wa umri gani, yuko shule gani, na nikampa namba ya mtu mwenye lori.

Ana mapacha. Mwenye lori nimeshampigia mwenyewe, nauli nitalipa mimi.