Bayi hakusubiri kengele

Kila Januari simu yangu hujaa video za wahamasishaji. Suti kali, sauti nzito, ushauri uleule: ota ndoto kubwa, amka saa kumi alfajiri, jitenge na watu wasiokuamini. Sina ugomvi na kuamka mapema. Kinachonikera ni kwamba katika mahubiri yote hayo lengo kubwa halina gharama. Ukiamini, umefika. Kijana akiniuliza maana ya kulenga mbali, mimi humrudisha Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, kwenye fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania mzaliwa wa Karatu, alikuwa na miaka 20. Mbio za mita 1500 zina desturi yake: watu hukimbia kwa kundi, huviziana, hugongana viwiko, na kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia ndipo vita huanza. Bayi alichomoka mstarini kama mtu anayekimbilia daladala la mwisho. Kufika mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kwa takriban mita 20. Na waliokuwa nyuma hawakuwa wa kubeza. Walikuwemo John Walker na Rod Dixon, wenyeji, uwanja mzima ukiwashangilia. Alikuwemo Ben Jipcho wa Kenya, aliyeondoka kwenye michezo hiyohiyo na dhahabu ya mita 5000 na ya mbio za kuruka viunzi na maji. Akili ya kawaida ingesema kijana huyu atakata pumzi, watamwokota kona ya mwisho.

Walker alimfukuza kweli na pengo likapungua, lakini hakumpata. Bayi aliongoza tangu mwanzo mpaka utepe: 3:32.16, rekodi ya dunia. Ile ya zamani, 3:33.1 ya Jim Ryun wa Marekani, ilikuwa imekaa tangu 1967.

Ila kinachonivutia zaidi ni matokeo ya waliomfuata. Walker alimaliza kwa 3:32.52, naye pia chini ya rekodi ya zamani. Wa tatu, wa nne na wa tano walikimbia muda wa nne, wa tano na wa saba kwa ubora katika historia ya mbio hizo hadi siku ile. Bayi hakuwahutubia. Alikaa mbele, akala upepo peke yake, nao wakajikuta wanakimbia kasi ambayo pengine wasingejaribu. Kwangu mimi huo ndio uongozi wenye maono, na ndiyo maana nasita kumwita mtu kiongozi wa maono kwa sababu tu anajua kuongea.

Sasa tuje kwenye gharama. Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0. Agosti mwaka huohuo Walker akaivunja kwa 3:49.4, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika tatu na sekunde 50. Ikaja Olimpiki ya Montreal, 1976. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Naunga mkono uamuzi ule mpaka leo. Lakini tuseme ukweli: dhahabu ya mita 1500 ilikwenda kwa Walker, wa New Zealand hiyohiyo, na aliyelipa bei ya msimamo wa bara zima ni kijana wa miaka 23 aliyebaki nyumbani. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi aliongoza kwa mbali mbio za kuruka viunzi na maji, Bronisław Malinowski wa Poland akamshika mzunguko wa mwisho. Fedha. Mtindo uleule uliompa Christchurch ulimnyima Moscow.

Mtaniambia habari ya Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzake wa mbio za marathoni. Ni kweli, Septemba 2025 jijini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, tofauti ya sekunde 0.03. Hakula upepo siku ile, alijificha kundini. Lakini Simbu alikuwa wa tano Rio 2016 na shaba London 2017. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu! Yeye bei yake aliilipa kwa miaka. Namna zinatofautiana, bili haikwepeki.

Muda wa Bayi wa Christchurch ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 Birmingham. Kwa Tanzania bado ni rekodi ya taifa. Watu hutaja hilo kwa fahari. Mimi naona aibu kidogo. Zaidi ya nusu karne, hakuna Mtanzania aliyemfikia! Nyuma ya Jipcho na Kip Keino, Kenya ilijaza makambi na shule zinazotoa wakimbiaji kila mwaka. Nyuma ya Bayi sisi tulijaza sifa.

Ndiyo sababu Dira 2050, mpango wa maendeleo wa Tanzania hadi mwaka huo, inayotaja uchumi wa dola trilioni moja, hainipi presha kwa ukubwa wake. Lengo kubwa ni zuri. Nitakachofuatilia ni bajeti za miaka mitatu ya kwanza: nani anakatwa posho, mradi gani wa kupendeza macho unaachwa, na waziri gani yuko tayari kuchekwa sasa hivi kwa kuanza kwa kasi, badala ya kusubiri 2049 ndipo akimbie.