Pangaboi Linalotaka Kusukumwa

Joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari halina adabu, na mtu anayeishi Magomeni katika nyumba ya kupanga, yenye bati juu na madirisha yanayotazama ukuta wa jirani, hana mtetezi mwingine isipokuwa pangaboi. Langu nililikuta darini nilipohamia, na msimu huu likaamua kufanya kazi kwa masharti: ukibonyeza swichi linanguruma bila kuzunguka, na litaendelea kunguruma hivyo hivyo mpaka mtu achukue mpini wa ufagio wa buibui na kulisukuma panga mojawapo. Likishasukumwa linazunguka kwa unyonge, kiasi cha kuweza kuyahesabu mapanga yake matatu bila kutumia kidole. Umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane, ni lazima mmoja wetu aamke kulisukuma upya, na mjadala wa nani aamke huchukua muda mrefu kuliko usingizi wenyewe.

Watu wengi hawajui kwamba pangaboi lililofikia hali hiyo halina msimamo kuhusu upande. Mota yake ni ya fezi moja, na kinachoipa mwelekeo inapoanza ni kapasita. Kapasita ikifa, mota inafuata upande wowote itakaosukumiwa, iwe kulia, iwe kushoto. Shemeji yangu alipokuja kututembelea alijitolea kwa moyo mkunjufu, akalisukuma kinyume, nasi tukakaa jioni nzima tukitiririka jasho huku upepo wote ukipanda kwenda kuipepea dari, ambayo haikuwa imelalamika. Nilipomweleza tatizo lilipo alinijibu kwa upole kwamba upepo ni upepo, ukichoka huko juu utashuka wenyewe.

Hakuna kifaa chenye madaktari wengi katika nyumba hii kuliko hicho. Baba mwenye nyumba alisimama mlangoni, akalitazama, akasema kwamba umeme wa siku hizi ni mdogo, kisha akaondoka haraka kabla sijamuuliza mbona umeme huo huo mdogo unagandisha barafu za mama wa chumba cha uani. Jirani mwingine aliagiza limiminiwe mafuta ya kupikia. Fundi wa mtaa, ambaye nilimlipa nauli ya kuja, hakupanda hata stuli, alisikiliza mngurumo kwa muda, akatikisa kichwa na kusema, “Mzee, pole sana. Koili imeungua. Nunua jipya nikufungie, na hili bovu mimi nitakusaidia kuliondoa.” Msaada huo naufahamu, kwa sababu ndani ya mota kuna shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawako mbali na kijiwe chake.

Koili, yaani waya za shaba zilizosokotwa ndani ya mota, ikiungua haijifichi. Inatoa harufu ya rangi iliyochomwa ambayo inakaa chumbani siku kadhaa, na mara nyingi pangaboi halikubali kuzunguka hata ukilisukuma kwa mikono miwili. Langu halikuwa na harufu, na lilikuwa likisukumwa linakubali. Beringi nayo hupimwa swichi ikiwa imezimwa: unalisukuma panga kwa kidole na kutega sikio, na likizunguka kimya mpaka kusimama lenyewe bila kukwaruza, beringi huna ugomvi nayo. Nilifanya hivyo, nikasikia kimya. Ikabaki reguleta ya ukutani, ile ya kubadilishia kasi, lakini katika namba tano reguleta inapaswa kuupitisha umeme wote bila kuupunguza, na langu hata katika namba tano lilinguruma tu. Mtuhumiwa aliyebaki ni kapasita, kile kisanduku cheusi kidogo kilichofichwa chini ya kikombe cha plastiki karibu na mota. Haya yote yanahitaji kidole, pua na sikio, vitu ambavyo fundi alikuwa navyo siku ile.

Nilipokifungua kikombe na kugusisha testa kwenye waya, taa yake iliwaka ilhali swichi ilikuwa imezimwa. Maana yake ni kwamba aliyefunga umeme wa nyumba hii aliipitisha swichi kwenye nyutro, waya unaourudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, kwa hiyo ukizima pangaboi linasimama lakini waya zake zinaendelea kuwa na umeme, zikimsubiri mtu mwenye imani. Rangi za waya zingeweza kunionya mapema, kwa kuwa nyaya za zamani hutumia nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, na za sasa hutumia kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, na kijani yenye mstari wa njano kwa ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Fundi wetu wa asili hakujihusisha na ubaguzi huo wa rangi. Alitumia nyekundu kwa kila kitu, bila shaka kwa sababu ndilo robota alilokuwa nalo siku hiyo, na ethi hakuiweka kabisa.

Ikanilazimu kuzima mein swichi, na mein swichi ya nyumba hii ni ya wapangaji wote. Nilipita chumba kwa chumba kuomba ridhaa kama mgombea udiwani. Mama wa barafu alisema zake zilikuwa bado hazijashika. Kijana wa chumba cha mbele alikuwa akitazama mpira na aliomba tusubiri mapumziko, na mapumziko yalipofika akaomba tusubiri dakika za nyongeza. Aliyekataa kabisa ni bwana wa chumba cha pembeni, ambaye hupiga pasi kila jioni, nguo za kesho, za keshokutwa na za wateja ambao hatuambii kwamba anao. Na yeye ndiye huyo huyo ambaye, kila tunapochanga fedha za LUKU, husimama na kutangaza kwamba pangaboi langu ndilo linalokula uniti za watu.

Nimemfanyia hesabu mbele ya mashahidi. Pangaboi la kawaida linatumia wati 75 hivi, kwa hiyo uniti moja inaliendesha zaidi ya saa 13. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo inaimaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja. Alinisikiliza kwa heshima, akajibu kwamba pasi yake haipigi kelele, ilhali pangaboi langu linanguruma, na kitu kinachonguruma ni dhahiri kwamba kinakula. Wajumbe walimuunga mkono.

Kariakoo nako nilikwenda na kapasita mbovu mkononi, iliyoandikwa waziwazi kipimo chake, mikrofaradi 2.5. Muuzaji aliisoma, akanipa ya 3.5 na kunihakikishia kwamba hiyo ina nguvu zaidi na pangaboi litakwenda kwa kasi. Kweli kasi inaweza kuongezeka kwa muda, ila koili itapitishiwa umeme kuliko ilivyokusudiwa, itapata moto, na hapo utabiri wa fundi wa mtaa utatimia na shaba yake ataipata. Nilisisitiza ya 2.5. Akaitoa ndani ya boksi lililokuwa chini ya kiwiko chake muda wote, na bei ikapanda kwa sababu sasa nilikuwa nimejulikana kuwa ninaihitaji.

Kuifunga hakukuwa na hadithi. Ina waya mbili zisizochagua upande, nikazibana kwa koneta, nikairudisha laivu kwenye swichi na nyutro moja kwa moja kwenye pangaboi, na mein ilipowashwa mapanga yalianza kuzunguka yenyewe mpaka kalenda ikang'oka ukutani. Reguleta ndiyo iliyobaki na tabia zake. Ni ya aina ile ya zamani inayopunguza mwendo kwa kuugeuza umeme kuwa joto, hivyo ukitaka upepo mdogo inakuchemshia chumba kufidia. Na katika namba zake tano, namba moja haisogezi kitu, tano ni kimbunga, na mbili, tatu na nne hazina tofauti yoyote niliyoweza kuiona.

Habari za upepo zilienea uani kabla ya magharibi. Bwana wa chumba cha pembeni alikuja na meza yake, akaitandika blanketi katikati ya sebule yangu, akachomeka pasi kwenye soketi yangu, kisha akaniomba kwa masikitiko nilishushe pangaboi mpaka namba tatu, kwa sababu upepo wake unaipoza pasi, na pasi ikipoa inavuta umeme zaidi, na hivyo, alisema, ni kama nilivyokuwa nakataa siku zote, pangaboi langu ndilo linalomaliza uniti. Nilikuwa kwenye namba nne. Nikaipeleka kwenye namba tatu, na yeye akanishukuru sana kwa mabadiliko.