Mchanga wa ufukwe unauzwa kwa lori

Kila kusi, upepo wa kusini, ikishika, kuanzia Kunduchi hadi Bahari Beach, kaskazini mwa Dar es Salaam, malalamiko ni yale yale: bahari inakula ardhi. Kuta zinabomoka, minazi inaanguka, mivinje inabaki imesimama juu ya mizizi mitupu. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa Kunduchi, iliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Inauma. Ila naona tunashitaki mawimbi kwa kosa ambalo sehemu kubwa ni letu.

Wimbi ni mtoto wa upepo. Ukubwa wake hutegemea kasi ya upepo, muda uliovuma, na upana wa bahari uliopitiwa na upepo huo. Sisi tuna Bahari ya Hindi mbele yetu, na kusi huvuma kwa miezi, tangu Aprili hadi Septemba hivi. Tazama kumbi la nazi linaloelea mbali kidogo na ufuo: wimbi likipita linapanda, linasogea mbele, linashuka, kisha linarudi karibu pale pale. Maji yanazunguka tu. Kinachosafiri ni nguvu. Mzunguko huo hufika chini hadi kina cha nusu ya umbali kati ya wimbi na wimbi. Maji yakipungua kuliko hapo, wimbi linaanza kugusa chini, linapunguza mwendo, linainuka, kilele kinalipita shina lake, linavunjika. Nguvu yote iliyotoka mbali inatua mchangani.

Kusi hupiga kwa mshazari. Maji yanapanda ufuo upande upande yakibeba chembe za mchanga, kisha yanateremka moja kwa moja. Kila wimbi linasogeza chembe kidogo, na msimu mzima mchanga unatembea kwenda kaskazini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikija hurudisha sehemu tu. Ufukwe wa namna hii hauishi bila kulishwa, na anayeulisha ni mto. Mto Mbezi na Mto Tegeta huteremsha mchanga kila masika.

Nendeni basi mkaione mito hiyo. Mchanga uliokuwa safarini kwenda baharini unapakiwa kwenye malori, ukafyatuliwe matofali. Siwalaumu vijana wenye makoleo, wanatafuta riziki. Nalaumu sisi tunaonunua bila kuuliza umetoka wapi, na wenye dhamana ya kuzuia ambao malori yanawapita mchana kweupe.

Nje kidogo kuna matumbawe. Mwamba ulio hai hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufukweni. Huo ndio tuliolipua kwa baruti kutafuta samaki wa siku moja, na kuuchoma tupate chokaa.

Tukishamaliza hayo, kila mwenye kiwanja anajenga ukuta wake. Wimbi likipiga ukuta wima, nguvu haina pa kumalizikia. Inarudi chini na kuchimba mguuni mwa ukuta wenyewe. Maji yakipwa utaona handaki refu pale, zege likiwa wazi, nondo zimeota kutu. Wengine wanajenga kuta zinazochomoza baharini. Upande wa kusini mchanga unajaa, upande wa kaskazini jirani anabaki na mawe. Huko ni kumpora jirani, hata kama kibali kipo.

Tuna mfano wa kutosha Pangani, mkoani Tanga. Kisiwa cha Maziwi kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga humo. Miti ilikatwa, mawimbi yakaendelea na kazi yao, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikawa fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado wanapanda pale kutaga, na watu inabidi wahamishe mayai hadi Ushongo, pwani ya bara, yasife maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nataka mita hizo zipimwe upya Kunduchi, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, kwa sababu ukingo umeshahama. Na malori yazuiwe mitoni kabla mfuko mwingine wa saruji haujamwagwa ufukweni.