Kisiwani, Kuhasi Kwanza

Watu wanaojitolea kuwaokoa paka na mbwa wa mitaani katika visiwa hupongezwa zaidi kwa ile sehemu ya kazi yao inayopendeza kwenye picha: mtoto wa paka aliyetolewa mtaroni, mbwa aliyekuwa mifupa mitupu akanenepa, familia iliyokubali kumchukua. Nawaheshimu watu hawa kwa moyo wote, na ndiyo maana nasema bila kuzunguka kwamba fedha na nguvu zao zielekezwe kwanza kwenye kuhasi, yaani kuwafunga kizazi madume na majike, uokoaji ufuate nyuma yake. Paka jike hubeba mimba kwa takribani wiki 9, anaweza kuishika akiwa na umri wa miezi 4 au 5 tu, na mara nyingi hushika nyingine kabla hajawaachisha ziwa wanawe. Nyumba zilizo tayari kumpokea mnyama kisiwani ni chache na hujaa upesi. Baada ya hapo kila anayeokolewa huishia katika banda la mtu yuleyule mmoja, ambaye huelemewa na gharama za chakula na dawa hadi anaiacha kazi yote.

Hata hivyo, kisiwa kina kitu ambacho mji wa bara hauna, nacho ni mpaka. Bara ukiwahasi paka wote wa mtaa mmoja, wengine huingia kutoka mtaa wa jirani. Kisiwani bahari inawazuia, kwa hiyo kazi hii inaweza kufikia mwisho wake. Sharti ni kwamba ifanyike mtaa kwa mtaa, na timu isihame mpaka karibu majike wote wa hapo wawe wamefungwa kizazi, kwani dume mmoja aliyeponyoka anatosha kuwapanda majike wengi. Kuhasi wachache hapa na wachache kule, kwa kufuata simu ya kila mwenye huruma, huwapunguzia taabu wanyama hao wachache lakini hakuishushi idadi, maana majike waliobaki hupata chakula kingi zaidi na watoto wao wengi zaidi huishi. Najua ni vigumu kumwambia mtu anayelia kwenye simu kwamba mtaa wake utafikiwa mwezi ujao. Inabidi aambiwe.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtego huwekwa jioni, pale ambapo paka wamezoea kulishwa, baada ya anayewalisha kukubali kuwanyima chakula siku nzima, kwa kuwa paka aliyeshiba haingii. Mlango ukijifunga, mtego hufunikwa mara moja kwa shuka nene, na humo gizani paka huacha kujigonga kwenye waya akatulia. Daktari wa mifugo akishampa dawa ya usingizi hutazama kwanza matiti yake, kwani jike anayenyonyesha hana budi kurudishwa haraka kwa wanawe waliofichwa mahali. Kabla hajazinduka hukatwa ncha ya sikio, kwa kawaida la kushoto. Ni kidonda kidogo kinachopona upesi, na tangu siku hiyo yeyote anayemwona kwa mbali anajua kwamba huyu hahitaji kukamatwa tena. Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe papo hapo, kwa sababu paka shume aliyewahi kunaswa ni nadra kuingia mtegoni mara ya pili.

Zipo mamlaka zinazoona haya yote ni ya gharama na kwamba sumu au risasi ni rahisi zaidi. Historia ya visiwa inawasuta. Kichaa cha mbwa kilipofika Flores, Indonesia, mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa maelfu, lakini ugonjwa ukabaki. Kilipobainika Bali mwaka 2008, mbwa waliuawa vilevile. Watu wakaleta watoto wa mbwa wasiochanjwa kujaza nafasi, na miongoni mwa waliouawa wamo waliokuwa wamekwisha kuchanjwa. Vifo vya watu vilipungua pale tu kampeni ya kuchanja kisiwa kizima ilipoanza mwaka 2010, kwa lengo la kuwafikia angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa aliyehasiwa na kuchanjwa huishikilia nafasi yake mtaani, tena bila kuzaa; ukimuua, nafasi hiyo unamwachia mgeni usiyemjua.

Kuna hoja moja dhidi yetu ambayo naikubali. Paka aliyehasiwa bado anawinda. Mwaka 1949 paka 5 walipelekwa kisiwa cha Marion, kilicho chini ya Afrika Kusini, ili wadhibiti panya. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamezidi 3,000, na kila mwaka walikuwa wakiua ndege wa baharini wapatao 450,000, hadi paka wa mwisho alipoondolewa mwaka 1991. Kwa hiyo palipo na ndege wanaotaga chini au kwenye mashimo, paka asirudishwe pale aliponaswa hata kama amehasiwa. Atafutiwe nyumba, au awekwe katika uzio usiopenyeka. Anayependa wanyama hawezi kuwahesabu paka peke yao.

Linalosahaulika zaidi ni gati. Pemba ilifanikiwa kukitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kuchanja, kikarudi mwaka 2016, ikabidi kazi ianze upya mpaka kikaondolewa tena. Mpaka wa bahari huvunjwa na chombo kimoja chenye mnyama mmoja ndani yake, na mara nyingi mnyama huyo ana mwenyewe. Ndiyo maana natamani kila kikundi cha kujitolea kisiwani kiwe na mtu wake wa kuzungumza na manahodha na maofisa wa bandari, ili paka au mbwa asipandishwe chomboni bila cheti cha chanjo, na akifika ahasiwe kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo anaimudu. Nafuu hiyo ilipwe na serikali za mitaa, kwa kuwa fedha za wafadhili huja na kwenda, ilhali wanyama hawa huzaa mwaka mzima.