Nahudumia panya wa maabara Uingereza, nimehudumia na Dar pia, na tatizo letu sio hela

Mimi kazi yangu huku Manchester ni kuhudumia panya wa utafiti. Sio daktari wala mtafiti, ni mhudumu, nabadilisha maranda, naweka chakula na maji, naangalia nani mzima nani mgonjwa, naandika. Kazi hiyo hiyo niliifanya Dar kabla sijaondoka, kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, kwa hiyo ninapolinganisha silinganishi vya kuambiwa. Na kilichonishangaza zaidi nilipofika huku wala sio majengo au mashine, ni kwamba mhudumu akisema huyu mnyama anateseka, watu wanaacha walichokuwa wanafanya wanakuja kuangalia.

Pale Dar kulikuwa na mzee wa banda, sote tulikuwa tunamwita Babu. Anatokea Mbagala, anadandia daladala alfajiri ili saa moja asubuhi wanyama wawe wameshakula. Kwenye makaratasi alikuwa ni mfanya usafi. Lakini sungura wale hakuna aliyewajua kama yeye, akiingia anaangalia kwanza chini ya kizimba, kwenye mavi, kabla hajamwangalia mnyama mwenyewe, kwa sababu sungura tumbo lake halitakiwi kusimama, akikaa siku nzima hajala na mavi yamepungua au yamekuwa vidonge vidogo vidogo ujue hali ni mbaya na daktari wa mifugo anatakiwa aitwe hapo hapo sio kesho. Kuna siku akamwambia mtafiti mmoja kijana, mwanangu huyu sungura wa pembeni tangu jana hajagusa chakula, anasaga meno, huyu anaumwa. Akajibiwa, Mzee wewe endelea na usafi, zimebaki siku chache tumalize kuchukua damu. Usiku ule ule sungura akafa, na data zake zote zikatupwa maana huwezi kutumia damu ya mnyama aliyekuwa anakufa ukasema umepima dawa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba yule kijana kila asubuhi alikuwa anamwamkia Babu shikamoo kwa heshima zote, ila neno lake kuhusu wanyama hakulichukua.

Sasa huku ikoje. Kuna sheria ya mwaka 1986 inayotaka leseni tatu, ya mtu anayemfanyia mnyama majaribio, ya mradi wenyewe, na ya jengo. Kwenye mradi unaeleza mapema mnyama ataumia kiasi gani na akifika hatua ipi lazima asitishwe, huwezi kuja kubadilisha katikati kwa sababu eti umebakiza sampuli tano. Wakaguzi wa serikali wana haki ya kuja bila taarifa. Hayo yote mazuri, lakini kipande ninachokipenda mimi ni kwamba sheria inataka kila jengo liwe na daktari wa mifugo anayejulikana kwa jina, na pia mtu anayejulikana kwa jina anayesimamia matunzo ya kila siku, na huyu wa pili mara nyingi ni mhudumu aliyepanda ngazi, mtu aliyeanza na kuosha chupa za maji kama mimi. Nikimkuta panya amejikunja mgongo, manyoya yamesimama, macho kayafumba nusu, nampigia simu, iwe Jumapili iwe Krismasi. Wakiangalia wakaona amefika ile hatua iliyoandikwa, anatolewa kwenye utafiti au anauawa kwa njia isiyomuumiza, profesa apende asipende.

Panya ni mnyama anayewindwa na wanyama wengine, kwa hiyo maumivu anayaficha, ndo maana inataka jicho lililozoea. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha McGill kule Kanada walitoa kipimo cha uso wa panya, yaani unaangalia macho yamebana kiasi gani, pua na mashavu yalivyovimba, masikio na ndevu zilivyokaa, kila kimoja unakipa alama kuanzia 0 mpaka 2. Nilipofundishwa kile kipimo nilimkumbuka Babu, maana alikuwa anasoma nyuso za wale wanyama bila karatasi ya mtu yeyote, na nina uhakika angepewa hiyo karatasi na mtu wa kumsikiliza angewafundisha wengine.

Kitu kingine ambacho nataka mtu yeyote anayefanya kazi na panya hapo nyumbani akichukue leo hii, bure kabisa. Sote tulifundishwa kumshika panya mkia, kidato cha tano na cha sita kwenye praktiko ya baiolojia mkia, chuoni mkia. Sasa mwaka huo huo 2010 watafiti wa Liverpool, Jane Hurst na Rebecca West, walionyesha kwamba wale panya wadogo weupe wakinyanyuliwa kwa mkia wanabaki na hofu, wanamkwepa mtu, lakini wakiingia wenyewe kwenye kibomba ukawabeba nacho, au ukawakusanya kwa viganja viwili, hofu inashuka kabisa. Huku tunatumia vibomba vya plastiki. Mimi kwenye kila kasha nina kibomba kimoja kinakaa humo humo, panya anakizoea, analala ndani yake, nikitaka kusafisha nakisogeza taratibu kwa mkono mmoja, anaingia, naziba nyuma kwa kiganja, nahamisha, kwisha. Hakuna kukimbizana. Kipande cha bomba la maji la inchi mbili kinapatikana Kariakoo duka lolote la vifaa vya ujenzi, unakatisha vipande vifupi, unasugua kingo zisikate, unaosha unatumia tena. Hapo nani atasema hakuna bajeti?

Najua nitaambiwa, ndugu, hospitali zetu watu wanalala wawili kitanda kimoja we unatuletea habari za panya. Nimeshaambiwa hivyo na ndugu zangu wa damu, sebuleni Temeke, na sikukasirika, nilielewa. Jibu langu ni kwamba dawa na chanjo zinazopimwa kwa wanyama hawa zinaishia kwa hao hao wanaolala wawili kitanda kimoja. Mnyama mwenye hofu homoni zake zinapanda, kinga inabadilika, sukari inabadilika, ukipima dawa kwake unapima hofu humo humo bila kujua. Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliliweka sawa tangu 1959: kama inawezekana kutomtumia mnyama usimtumie, ikishindikana tumia wachache iwezekanavyo, na hao wachache wasiteseke bure. Huo sio ushauri wa nchi tajiri peke yake, kwetu ndo una maana zaidi maana sisi hatuna hela ya kurudia utafiti ulioharibika.

Alafu kuna kuiga kusikokuwa na maana, hapa naomba nieleweke vizuri. Nimekuja likizo nikaona sehemu wamepewa msaada wa makasha ya kisasa, ya plastiki, yamefunikwa, kila moja linapelekewa hewa na feni. Huku yanafaa sana. Lakini Dar umeme ukikatika na jenereta ikagoma, ile hewa inasimama na wanyama wako ndani ya boksi lililofungwa. Kizimba cha wavu, chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, nyavu za mbu na wanyama wasiojazana kitakuokoa zaidi ya hilo kasha. Na joto tunaliogopa kuliko inavyostahili, maana huku vyumba vinawekwa nyuzi 20 mpaka 24 kwa raha ya binadamu, panya mweupe mwenyewe anapenda karibu na 30, ndo maana huku ni lazima umpe karatasi laini ajitengenezee kiota apate joto. Dar kinachowaua ni joto likizidi hapo huku hewa imesimama, wanyama wamebanana na maranda yamelowa mkojo. Ile amonia ukiingia asubuhi inakupiga machoni. Ikimuumiza panya mapafu inamuumiza na mhudumu. Babu alikuwa anaingia mle na kandambili, bila glavu, bila barakoa, anakohoa mwaka mzima. Huku kabla sijaanza kazi walinipima kifua na kila mwaka wananiuliza kama napiga chafya au nawashwa, kwa sababu mzio wa panya ni ugonjwa wa kazini unaojulikana. Sijawahi kuona mahali ambapo mhudumu anapuuzwa halafu wanyama wanatunzwa vizuri.

Kwa upande mwingine huku sio peponi na sitaki mtu adhani hivyo. Mwaka 2023 Uingereza ilirekodi majaribio kama milioni 2.68 kwa wanyama, wengi panya na samaki, na karibu wote mwisho wao ni kuuawa. Nimeshafanya hiyo sehemu ya kazi, unafanya kwa utaratibu, unahakikisha amekufa kweli, unaandika, na ukirudi nyumbani hulali vizuri. Jengo letu halina bango. Taasisi nyingi zilisaini makubaliano ya uwazi kuhusu utafiti wa wanyama mwaka 2014 na mambo yamebadilika kidogo, lakini jirani yangu bado hajui kinachofanyika mtaa wa pili, na wengi wa hawa vijana ninaofanya nao kazi hawakuwahi kumgusa mnyama mwingine zaidi ya mbwa au paka. Mtoto wa Temeke au wa Tandika amekua na kuku uani na mbuzi wa jirani, anajua mbuzi mgonjwa anavyosimama. Hicho ni kitu tunacho na hatukitumii.

Tena mfano hatuhitaji kuutoa mbali, nendeni Morogoro. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna panya buku wa shirika la APOPO, wanaonusa kifua kikuu kwenye makohozi na mabomu ya ardhini. Wale sio wanyama wa majaribio ya dawa, lakini angalieni wanavyotunzwa na vijana wa Kitanzania. Kila panya ana jina, anafundishwa kwa vipande vya ndizi na karanga na sio kwa kupigwa, akizeeka anastaafu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo hapo Tanzania, akaenda Kambodia, hadi anastaafu akawa amegundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Hawa hawa Waingereza ninaofanya nao kazi ndo walinionyesha picha yake akiwa amevaa ile medali, wakaniuliza kama nakujua Morogoro, na niliwaeleza kwa kujidai kabisa.

Sheria nayo tunayo, ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo wakuu mlioko kwenye vyuo na taasisi hapo Dar, ninachowaomba ni kidogo. Mhudumu wa banda mpeni cheo chake, sio mfanya usafi. Mpeni daftari aandike kila siku alichokiona, na mtafiti asaini kwamba amesoma. Daktari wa mifugo jina na namba yake vibandikwe mlangoni, na mhudumu aruhusiwe kumpigia moja kwa moja bila kuomba ruhusa kwa mwenye utafiti. Mkitaka kumpa mafunzo msimpeleke semina ya hotelini akasikilize slaidi za kiingereza, mlipieni nauli na posho ya wiki mbili akae Morogoro na wale vijana wa panya buku, na siku anaporudi kikao cha kwanza cha utafiti mpya na yeye awepo mezani, protokoli, yaani mpango wa utafiti, ikiwa bado inaweza kubadilishwa.