Usiniulize kama utakubaliwa, niulize nani atalipa

Ikifika Agosti simu yangu hujaa orodha. Vijana ninaowafahamu na nisiowafahamu hunitumia majina ya vyuo vya Marekani wanavyotaka kuomba, na swali halibadiliki: "Nina nafasi?" Wananieleza alama zao, medali za hisabati, uongozi wa klabu ya mijadala, hata rangi ya mkanda wa karate. Kuhusu familia inaweza kutoa dola ngapi kwa mwaka, kimya. Nikiuliza, najibiwa "ufadhili tutautafuta," kana kwamba ufadhili huokotwa njiani ukishakubaliwa.

Hauokotwi. Mwanafunzi wa kimataifa anayesaidiwa kusoma shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida husaidiwa na mfuko wa chuo chenyewe, na uamuzi huo hufanyika sambamba na ule wa udahili. Msaada wa serikali ya shirikisho, ule unaoombwa kwa fomu ya FAFSA, ni wa raia, wakazi wa kudumu na makundi mengine machache. Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, hayumo. Kwa hiyo ukiuliza kama utakubaliwa bila kuuliza nani atalipa, umeuliza nusu ya swali, tena nusu isiyokusaidia kitu.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Chuo kimoja, ambacho jina lake nitalimeza, kilinitumia barua nzuri yenye muhuri uliochomoza ukiupapasa kwa kidole. Kilinipongeza, kikanipa msaada wa dola 22,000 kwa mwaka. Nyumbani tulishangilia siku mbili. Siku ya tatu mama alichukua kalamu. Gharama yote ilikuwa dola 41,000, ukitoa msaada zinabaki 19,000, mara miaka minne ni 76,000. Aliandika hesabu ile nyuma ya bahasha yenyewe, akaiweka juu ya kabati, hakuna aliyeizungumzia tena. Chuo hakikunidanganya. Mimi ndiye niliyeomba mahali ambapo, kama ningesoma kurasa zao vizuri, ningejua kwamba hawajawahi kuahidi kuziba pengo la mtu yeyote.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa mapema. Vyuo vingi binafsi vyenye majina vimevuka dola 90,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, malazi, chakula, bima ya afya na vitabu. Kijana akiona tarakimu hiyo hukifuta chuo, akabakiza chuo cha umma cha jimbo fulani kinachomgharimu mgeni dola 60,000, akajiona amechagua cha bei nafuu. Hapo amefuta kile ambacho pengine angesoma bure. Harvard na MIT, kwa mfano, zimetangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025-26 familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka, ikiwa na mali za kawaida, haitarajiwi kulipa chochote. Upande wa pili, vyuo vya mfumo wa University of California, ambavyo ni vya umma na ni vizuri sana, havitoi msaada wa uhitaji kwa wanafunzi wa kimataifa. Bei iliyobandikwa mlangoni ni ya tajiri. Wewe tafuta bei itakayobaki baada ya msaada.

Ili kuijua bei hiyo, kiulize kila chuo maswali mawili, wala usiyachanganye. La kwanza: wanapoamua kunichukua au kuniacha, wanautazama mfuko wangu? La pili: wakinichukua, wanaziba pengo lote? Kuna vyuo vichache ambavyo kwa mwanafunzi wa kimataifa havitazami mfuko na vinaziba pengo lote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo kwa muda mrefu, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vilijiunga. Kisha kuna kundi la pili, ambalo mimi ndilo ninalolipenda zaidi: vyuo vinavyoutazama mfuko wakati wa kuchagua, lakini vikishakuchagua vinaziba pengo lote. Williams, Pomona, Swarthmore, Grinnell na Vassar ni mifano. Wanatenga fungu kwa ajili ya wageni, na unashindania sehemu ya fungu hilo. Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndiko ilikotoka barua yangu: wanakukubali, wanakupa kidogo, halafu wanakuachia shimo ulifukie mwenyewe.

Angalizo moja kuhusu hilo pengo. Uhitaji wako haupimwi na wewe, unapimwa na chuo. Watachukua kipato cha wazazi, akiba, nyumba, wakati mwingine hata ng'ombe na shamba, kupitia fomu ya CSS Profile au fomu yao wenyewe, kisha watakuambia familia yenu inaweza kutoa kiasi gani. Mara nyingi wataongeza kiasi utakachotarajiwa kuchangia kwa kazi za chuoni. Vyuo viwili vyenye ahadi ileile vinaweza kukupa tarakimu mbili tofauti. Ndiyo maana baadhi yao wameweka kikokotoo cha makadirio kinachokubali taarifa za mgeni. Vingi vinakadiria kwa Wamarekani tu, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kufurahi.

Sasa habari ya nafasi. Watu hutazama asilimia ya jumla ya waliokubaliwa, nayo inapotosha. MIT hukubali waombaji kiasi cha asilimia 4 na ushee, lakini kwa waombaji wa kimataifa peke yao ni kama asilimia 2. Na kuna hesabu moja ninayoifanya mbele ya kila kijana anayeniletea orodha ya vigogo watupu. Chukua vyuo vinane, kila kimoja na nafasi ya asilimia 2. Kama vingekuwa vinaamua bila uhusiano wowote kati yao, uwezekano wa kupata angalau kimoja ni kama asilimia 15. Na kwa kweli uhusiano upo, kwa sababu insha ni ileile, alama ni zilezile na barua za walimu ni zilezile. Kilichokukosesha cha kwanza kinaweza kukukosesha cha nane. Simkatazi mtu kuomba Harvard. Ninamkataza kuomba Harvard mara nane kwa majina tofauti.

Kuna waraka mmoja ambao ningeulazimisha usomwe kama ningekuwa na mamlaka hayo. Unaitwa Common Data Set. Vyuo vingi vya Marekani huujaza kila mwaka na kuuweka wazi kwenye tovuti zao. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu, utaupata. Ni jedwali baada ya jedwali, unachosha kama daftari la bohari. Nenda sehemu ya B2 uone chuo kina wanafunzi wangapi wasio raia wala wakazi wa kudumu. Kisha nenda H6 uone ni wangapi kati ya hao wanaopewa msaada, na wastani wake. Gawanya idadi ya wanaosaidiwa kwa idadi ya wageni wote.

Mwaka huu nilifanya hivyo na binti wa dada yangu. Aliketi na kompyuta mapajani, mimi nikiwa na karatasi. Tulipofika kwenye chuo alichokipenda kwa sababu ya picha za vuli, nikamwambia asome kwa sauti. Chuo kilikuwa na wageni wengi, maelfu, na waliopewa chochote hawakufika mia. Wastani wa msaada wenyewe usingetosha hata malazi na chakula. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, kwa hiyo hawa wengine wote wanalipa wenyewe?" Wanalipa wenyewe, mama. Hicho ni chuo kinachowategemea wageni wakilipie bili, na wewe unakwenda kukiomba kikulipie yako. Chuo kilichofuata hakuwahi kukisikia, kipo katikati ya mashamba ya mahindi, lakini theluthi mbili ya wageni walikuwa wamesaidiwa, na wastani ulikaribia ada nzima. Picha zake hazikuwa na vuli. Zilikuwa na theluji.

Vyuo vingine huacha H6 tupu. Utupu huo nao unasema jambo, ingawa si sawa kuhukumu kwa huo peke yake. Waandikie barua pepe uwaulize. Ofisi za misaada hujibu, na jinsi wanavyojibu itakuonyesha jinsi watakavyokuwa ukishakuwa wao.

Berea, huko Kentucky, haifanani na vyote hivi. Ilianzishwa mwaka 1855 na John Gregg Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, na haijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki. Wageni inaowachukua kila mwaka ni wachache na waombaji ni utitiri, kwa hiyo usiiweke kwenye orodha kama chaguo la akiba. Iweke kama chaguo gumu, ila lenye fedha.

Nije kwenye ushauri mbaya ninaousikia kila msimu, mara nyingine kutoka kwa watu wanaolipwa kuutoa. Unasema hivi: kwa kuwa vyuo vinautazama mfuko, andika kwamba familia inaweza kutoa zaidi ya uwezo wake, upate kuingia kwanza, mengine yatajipa. Mtu ana dola 4,000 anaandika 20,000. Hayajipi. Kwanza, ili chuo kikupe fomu ya I-20 ya kuombea viza, lazima uonyeshe ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza, na ubalozini utaulizwa tena. Pili, vyuo vingi vina sheria kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada alipoingia hawezi kuuomba baadaye. Tatu, kuna imani kwamba kijana atafanya kazi afidie. Viza ya F-1 inamruhusu kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hata akilipwa dola 15 kwa saa, akafanya wiki 30 bila kuugua wala kuwa na mitihani, ni dola 9,000 kabla ya kodi. Shimo la 16,000 kila mwaka halifukiwi na kijiko hicho. Nimeona vijana wakirudishwa na deni mwaka wa pili, na hilo linauma kuliko barua ya kukataliwa, maana wameshaonja.

Kuhusu kuomba mapema kwa ahadi ya lazima, ile inayokufunga kwenda ukikubaliwa: watu huniambia ni mchezo wa matajiri. Nakubali nusu. Kwa chuo kisichoahidi kuziba pengo, usijifunge hata kidogo, umenunua mbuzi kwenye gunia. Kwa chuo kinachoahidi, na ambacho ungekwenda hata kama vyote vingekukubali, naona inafaa. Fungu la wageni huwa bado limejaa, na msaada usipotosha, unaweza kuomba kufunguliwa kwa sababu hiyo. Uwe tu umeongea na wazazi kabla, na tarakimu ziwe mezani.

Ada za maombi zisikuzuie. Chuo kimoja kinaweza kutoza dola 50 mpaka 90, na CSS Profile ni 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachoongezeka. Omba kusamehewa. Vingi husamehe ukieleza hali yako kwa sentensi tatu, na vingine havitozi kabisa. Msaada ukija mdogo, unaweza pia kuandika kuomba wautazame upya, lakini uwe na karatasi mpya ya kuonyesha: baba amepoteza kazi, mdogo wako ameanza chuo, fedha imeshuka thamani. Barua ya machozi bila karatasi huishia kwenye droo.

Orodha ya binti wa dada yangu ilianza na vyuo 14. Sasa ina viwili vya kubahatisha, vitano vya lile kundi ninalolipenda, na viwili ambavyo hesabu zake zinatosha na udahili wake si wa kutisha. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa na mstari mmoja usioeleweka kuhusu mwaka wa pili, basi akaandika kuuliza kama msaada wa mwaka wa kwanza unaendelea kwa kiasi kilekile ada ikipanda. Jibu lilikuja Jumanne usiku: haupandi. Akaja na rula na kalamu nyekundu, akakikata jina, akauliza kama ana muda wa kutafuta kingine. Anao, siku 19.